Neno Moja, Dhana Nne: Uhakiki wa Miongozo ya Ukamilishaji wa Amri

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kuelekeza lawama kwa mfasiri. Istilahi ikipotosha, twasema mfasiri hakuifahamu dhana. Isipokubaliwa, twasema hakuwasikiliza wasemaji. Lakini zipo nyakati ambapo kosa limezaliwa mapema zaidi, katika lugha chasili, na mfasiri amelirithi tu pamoja na mengine aliyoyakuta. Makala haya yanakusudia kuonyesha kosa la namna hiyo katika aina moja ya maandishi ya kitaalamu, nayo ni miongozo ya marejeo inayoeleza jinsi ganda la kompyuta linavyomkamilishia mtumiaji amri anayoiandika. Tutaushughulikia zaidi mwongozo wa Bash, ganda linalotumiwa na watu wengi sana, na tutaugusa ule wa fish na ule wa Zsh pale tu ulinganisho utakapotufaa. Madai yetu ni kwamba kuiboresha miongozo hii ni kazi ya istilahi kabla haijawa kazi ya kuongeza kurasa, na kwamba orodha yoyote ya Kiswahili itakayotungwa bila kuzitenganisha kwanza dhana zilizochanganywa humo italiendeleza kosa lilelile kwa sauti yetu wenyewe.

Msomaji asiyeshughulika na kompyuta kwa ndani anahitaji maelezo mafupi. Ganda ni programu inayopokea mstari wa amri kutoka kwa mtu, kuusoma, na kuifanya kompyuta iutekeleze. Jina lenyewe lilibuniwa na Mfaransa Louis Pouzin katika miaka ya 1960, wakati wa mradi wa Multics, na picha iliyomo si ngeni kwetu: ndani mna kiini, nje mna ganda, na mkono wa mtu hugusa ganda kwanza. Hatuoni sababu ya kuliacha neno ganda na kutafuta jingine, ingawa tumewasikia baadhi ya vijana wa fani hii wakisema sheli. Hapa tasfida ya picha imevuka lugha salama, jambo ambalo halitokei kila siku.

Sasa, anayeandika kwa ganda huandika majina mengi marefu, ya amri, ya mafaili, ya folda, na kosa la herufi moja hutosha kuiharibu amri nzima. Ndiyo maana ganda humsaidia. Mtu huandika herufi chache za mwanzo, kisha hubonyeza kitufe kilichoandikwa Tab (tusikiite kitufe cha tabu, maana kazi yake ni kuiondoa), na ganda humalizia sehemu iliyobaki. Msaada wa namna hii ulikuwamo katika mfumo wa TENEX huko Marekani tangu miaka ya 1970. Ken Greer akauingiza katika ganda la tcsh, ambalo herufi ya kwanza ya jina lake yatokana na TENEX hiyo. Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, ilikamilisha majina ya mafaili, ya amri, ya watumiaji na mengine machache. Mwaka 2000, katika toleo la 2.04, likaja jambo jipya: mtumiaji mwenyewe aliweza kulifundisha ganda ni maneno gani yafuate amri gani. Sehemu ya mwongozo inayoeleza mafundisho hayo ndiyo tunayoihakiki.

Walimu wetu wa shule za msingi wamekuwa na zoezi la aina hii tangu zamani: kamilisha methali zifuatazo. Mwanafunzi hupewa "Haraka haraka", naye huongeza "haina baraka". Kwa hiyo kitenzi kamilisha kina mizizi katika masikio ya kila aliyepita darasani, na istilahi ya ukamilishaji kwa tendo hili ni chaguo jema. Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo itatufaa mbele. Methali ina mwisho mmoja tu unaokubalika, na mtahini anaujua. Ganda laweza kuwa na miisho kumi inayolingana na herufi zilizoandikwa, na lisijue mtu anautaka upi. Hapo huongeza tu herufi zile ambazo miisho yote inazishiriki, kisha husubiri, na likibonyezewa tena huionyesha orodha nzima.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Katika mwongozo wa Bash neno la Kiingereza "completion" limebebeshwa mizigo minne. Kwanza ni tendo lenyewe, yaani kule kumalizia neno baada ya kitufe kubonyezwa. Pili ni kila mmoja wa miisho inayowezekana, yaani kitu kinachoorodheshwa. Tatu ni agizo lililohifadhiwa katika ganda, lisemalo kwamba amri fulani ikamilishwe kwa namna fulani. Nne ni mfumo mzima, pamoja na amri zake na taratibu zake. Mizigo hii hukutana katika aya moja, na pengine katika sentensi moja, bila alama yoyote ya kumwonya msomaji kwamba sasa anazungumziwa jambo jingine.

Tuwatendee haki waandishi wake. Kwa maana ile ya tatu walibuni jina la pekee, compspec, kifupisho cha maneno mawili, nao hulitumia mara nyingi. Hii ni hatua ya kweli ya kiistilahi. Lakini amri inayoliunda agizo hilo wakaiita complete, yaani "kamilisha", ilhali haikamilishi chochote. Kazi yake ni kuandikisha agizo ili ukamilishaji ufanyike baadaye. Amri nyingine, compgen, ndiyo inayotoa miisho papo hapo, nayo jina lake halisemi hivyo kwa mtu asiyejua kifupisho. Mwenye kusoma mara ya kwanza huiandika complete akitazamia kuona kitu, haoni kitu, na hudhani amekosea.

Kwa maana ya pili kosa limekwenda upande wa pili. Hapa dhana moja imepewa majina mawili: mara "miisho inayowezekana", mara "vilinganifu". Msomaji makini wa maandishi ya marejeo amefundishwa kwamba jina likibadilika, kitu nacho kimebadilika. Hivyo huanza kutafuta tofauti kati ya viwili hivi, na tofauti hiyo haipo. Katika hadithi fupi au makala ya gazeti kubadilisha maneno ni uungwana kwa masikio. Katika kitabu cha marejeo ni kumpoteza mtu njia.

Lakini mkanganyiko mkubwa kuliko yote umo katika neno dogo kabisa, yaani "neno" lenyewe. Mapema katika mwongozo, mahali pa fasili, neno limefasiliwa kuwa ni mfuatano wa herufi unaohesabiwa na ganda kuwa kitu kimoja. Fasili hii ni nzuri, na msomaji huibeba. Akifika kwenye sura ya ukamilishaji hukuta safu iitwayo COMP_WORDS, ambamo maneno ya mstari huhifadhiwa, na kigeu kiitwacho COMP_CWORD, kinachotaja neno la ngapi linakamilishwa. Anadhani ni maneno yaleyale aliyofasiliwa. Siyo. Tangu toleo la 4.0, la mwaka 2009, maneno ya COMP_WORDS hukatwa kwa alama zilizomo katika kigeu kingine, COMP_WORDBREAKS, na miongoni mwa alama hizo mna nukta mbili na alama ya sawasawa.

Matokeo yake ni haya. Mtu anaandika amri ya kunakili faili kutoka kompyuta nyingine:

scp seva:/ho

kisha anabonyeza Tab. Kwa ganda linapotekeleza amri, hapo pana maneno mawili: scp, na seva:/ho. Kwa ukamilishaji, hapo pana manne: scp, seva, nukta mbili peke yake, na /ho. Kijiprogramu kilichoandikwa na mtu aliyeiamini fasili ya kwanza kitaambiwa kwamba neno linalokamilishwa ni /ho na kwamba neno lililolitangulia ni nukta mbili. Jina la seva limetoweka machoni pake. Ndivyo ilivyo pia kwa --rangi=ny, ambayo hugeuka kuwa vitu vitatu. Mwongozo hausemi uongo. Ukisoma maelezo ya COMP_WORDS utakuta imetajwa kwamba mstari hukatwa kwa kigeu kile. Lakini kinachotajwa ni utaratibu, si maana. Hakuna mahali msomaji anapoambiwa waziwazi: neno uliloelezwa kule mwanzo silo neno la hapa. Mradi wa bash-completion, unaokusanya maagizo ya ukamilishaji kwa mamia ya amri, umelazimika kubuni vijiprogramu vya kuyaunganisha upya yaliyokatwa na kuondoa nukta mbili zinazozidi. Msomaji atatambua kwamba kazi yote hiyo si malipo ya istilahi mbaya peke yake, kwani mkato wenyewe ni tabia ya programu. Lakini wengi waliopotea siku nzima katika jambo hili walipotezwa na neno, na laiti lingalikuwapo jina la pili wangalisimama na kuuliza.

Jambo la tatu twaweza kulipita kwa wepesi zaidi, ingawa si dogo. Ni lile tunaloliita siku hizi chaguo-msingi, yaani lile litendekalo mtu asiposema lolote. Amri ya complete ina swichi mbili zinazofanana majina, default na bashdefault. Ya kwanza huirudisha desturi ya maktaba ya Readline, ambayo ni kukamilisha majina ya mafaili. Ya pili huirudisha desturi ya Bash yenyewe, ambayo ni pana zaidi. Zote mbili hufanya kazi pale tu agizo lisipotoa chochote. Msomaji asiyejua kwamba Readline na Bash ni vitu viwili, na kwa nini ajue, hawezi kutambua kutoka kwenye majina hayo achague ipi.

Na hapa hapa pamefichwa kanuni ambayo kwa maoni yetu ingestahili kuwa sentensi ya kwanza ya sura nzima: kwamba amri ikisha kuandikishiwa agizo, ganda huacha kuikamilishia majina ya mafaili, isipokuwa mtu ameomba yarudishwe. Sentensi hii imo katika mwongozo. Lakini imewekwa baada ya maelezo marefu ya hatua zote anazopitia mtambo: jinsi agizo linavyotafutwa, jinsi miisho inavyotolewa na swichi hii na ile, jinsi inavyochujwa, jinsi viambishi vinavyoongezwa mbele na nyuma. Mpangilio umefuata mwendo wa mashine. Mwendo wa mtu ni mwingine. Yeye huja na swali moja, mathalani kwa nini mafaili yake hayaonekani tena, na hana haja ya kuanza safari tangu kituo cha kwanza.

Ulinganisho na fish wafaa hapa. Ganda hilo, lililoanzishwa na Axel Liljencrantz mwaka 2005, lina amri yenye jina lilelile, complete, lakini desturi yake ni kinyume: majina ya mafaili huendelea kutolewa mpaka mtu ayakataze kwa swichi ya -f. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka ganda moja kwenda jingine hukuta jina ni moja na tabia ni mbili. Hatumlaumu yeyote kwa tofauti hiyo, maana kila mjenzi ana nyumba yake. Twasema tu kwamba pale majina yanapofanana na tabia zikatofautiana, wajibu wa mwongozo wa kuitangaza tabia yake mlangoni huwa mkubwa zaidi. Mwongozo wa fish umeutimiza wajibu mwingine vizuri kuliko wenzake: umeyatenga maelezo ya kumfundisha mtu kuandika maagizo yake ya kwanza na yale ya marejeo yanayoorodhesha kila swichi, na kila upande umeachiwa lugha yake.

Kwa upande wa Zsh tutasema machache. Mfumo wake wa ukamilishaji ni mkubwa na mwongozo wake ni mrefu kiasi cha kumtia mtu hofu. Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo wasanifu istilahi wangependezwa nalo: kijiprogramu kinachofanya ukamilishaji kimepewa jina lake, tofauti na tendo na tofauti na kile kinachoorodheshwa, na makundi ya miisho yamepewa jina lake pia, na majina hayo yamefafanuliwa kabla ya kutumiwa. Ugumu unaobaki humo ni ugumu wa jambo lenyewe.

Turudi kwenye Bash na tuutazame mfano. Katika mwongozo ulio kamili zaidi mna sehemu nzima ya mfano, nao ni kijiprogramu cha kuikamilisha amri ya cd, ile ya kuhamia folda nyingine. Ni mfano wa kweli, umeandikwa kwa uangalifu, na mwenye ujuzi atafaidika nao. Lakini unashughulika kwa pamoja na kigeu cha CDPATH ambacho watu wengi hawakitumii, na alama ya kiwimbi inayosimamia folda ya nyumbani, na mafaili yenye nafasi katika majina yao. Mwanafunzi aliyekuja kujifunza kuogelea amepelekwa mkondo wa Pemba. Katika ukurasa wa mwongozo unaofunguliwa kwa amri ya man hali ni ngumu zaidi: kijiprogramu kinachoonyeshwa humo ni kile cha kuyapakia maagizo ya amri nyingine kutoka kwenye folda fulani, kwa hiyo msomaji huona jinsi ya kuyaita maagizo kabla hajaona agizo lenyewe linafananaje.

Tujaribu kuonyesha tulitakalo. Tuseme mtu ameandika programu ndogo ya kutunza hesabu za bohari, akaiita ghala, nayo ina kazi tatu: ingiza, toa na hesabu. Mfano wa kwanza usingehitaji zaidi ya mstari huu:

complete -W "ingiza toa hesabu" ghala

Baada ya mstari huo, mtu akiandika ghala h na kubonyeza Tab, atapata hesabu. Kisha mwongozo ungemwonyesha upungufu wake papo hapo: maneno hayo matatu yatatolewa kila mahali, hata baada ya ghala ingiza, ambapo hayana kazi. Na kutokana na upungufu huo ungezaliwa mfano wa pili:

_ghala() {
  if [ "$COMP_CWORD" -eq 1 ]; then
    COMPREPLY=( $(compgen -W "ingiza toa hesabu" -- "$2") )
  fi
}
complete -F _ghala ghala

Katika mistari hii sita mna karibu kila dhana tuliyoilalamikia: agizo, kijiprogramu, kipande kinachokamilishwa, nafasi yake katika mstari, na safu ambamo miisho huwekwa. Mna pia jambo moja ambalo laweza kusemwa wazi kwa mara ya kwanza hapo. Katika mfano wa kwanza ganda lenyewe lilichuja maneno yasiyoanza na h. Katika mfano wa pili halichuji. Chochote kijiprogramu kitakachokiweka katika COMPREPLY kitachukuliwa kama kilivyo, na ndiyo sababu compgen imeitwa kufanya uchujaji. Asiyeambiwa hivyo ataona toa ikiorodheshwa kwa mtu aliyeandika h, asijue kwa nini. Kisha ungefuata upungufu wa pili, kwamba njia hii huvunja majina yenye nafasi ndani yake, na tiba yake katika toleo la 5.3 la mwaka 2025, ambapo compgen imepewa swichi ya -V ya kuweka miisho moja kwa moja katika kigeu badala ya kuichapa.

Huenda tukajibiwa kwamba kitabu cha marejeo si kitabu cha mafunzo, na kwamba ufupi ni sifa ya kale ya miongozo ya Unix. Ufupi huo twauheshimu. Mwongozo wa kwanza wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1971, uliiweka kila amri katika ukurasa wake, wenye jina, muundo, maelezo, na sehemu ya kasoro, ambamo waandishi walikiri yale yasiyofanya kazi ipasavyo. Desturi hiyo ya ukweli haijafa. Ukurasa wa Bash hadi leo una sehemu ya kasoro, nayo huanza kwa kukiri kwamba programu yenyewe ni kubwa mno na ya polepole mno. Lakini ufupi wa mwaka 1971 uliwezekana kwa sababu kila jina lilikuwa na maana moja. Ukifupisha maandishi ambayo majina yake yana maana nne, hukufupisha. Umempa msomaji kazi ya kuyarefusha mwenyewe.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, ambako wajibu ni wetu. Tumekwisha kuona majina matatu, kompyuta, tarakilishi na ngamizi, yakigombea kitu kimoja kwa miaka mingi. Hapa tuko katika hatari iliyo kinyume, yaani jina moja kukalia vitu vinne. Mfasiri mwenye haraka ataandika ukamilishaji kila aonapo neno lile la Kiingereza, na hakuna atakayemkosoa, kwa kuwa kila sentensi yake, ikisomwa peke yake, itaonekana sahihi.

Tumeona mapendekezo yanayotaka kulitatua jambo hili kwa unyambuaji pekee: ukamilishaji kwa tendo, kikamilisho kwa kinachoorodheshwa, kikamilishi kwa kijiprogramu, ukamilisho kwa mfumo. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza, na twajua kwamba unyambuaji ndio utajiri wa lugha yetu. Lakini kikamilisho na kikamilishi vinatofautiana kwa irabu moja ya mwisho. Mwalimu akivitamka darasani, nusu ya wanafunzi wataandika kimoja na nusu kingine. Istilahi mbili zinazokaa katika aya moja hazina budi kutofautiana kwa sikio, si kwa jicho tu.

Kwa hiyo twaona yafaa ukamilishaji ubaki kwa tendo peke yake, na mfumo uitwe mfumo wa ukamilishaji. Kinachoorodheshwa kiitwe pendekezo. Neno hili linabeba ile tofauti tuliyoieleza kati ya ganda na mtahini wa methali, kwamba ganda hutoa na mtu huchagua. Anayelitafsiri neno la Kiingereza linalotumika katika miongozo mingine kwa kufungua kamusi ataishia kwenye mtahiniwa au mgombea, na tusingependa kuona mafaili yakigombea ubunge. Agizo lililohifadhiwa liitwe kanuni ya ukamilishaji. Tumetumia agizo katika makala haya kwa sababu msomaji hakuwa ameelezwa bado, lakini agizo hukaribiana mno na amri. Kijiprogramu chaweza kubaki na jina la kikamilishi, sasa kwa kuwa mwenzake ameondoka.

Lile lililokatwa kwa COMP_WORDBREAKS tunaliita kipande, na neno libaki kwa maana ile ya mwanzo ya ganda. Hili ndilo pendekezo tunalolishikilia kuliko yote, na tungependa wenye kuufasiri mwongozo huu walitumie hata kama Kiingereza chake hakitofautishi. Mfasiri ana ruhusa ya kuwa wazi kuliko aliyemfasiri, mradi asiseme lisilo kweli.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo ya Kiingereza haikuwa na haja ya kulifikiria. Ukamilishaji hufuata mwanzo wa neno, na Kiswahili huweka viambishi vyake mwanzoni. Kama yule mwenye ghala angaliziita kazi zake kuingiza, kutoa na kuhesabu, kila moja ingaliwalazimu watumiaji kuandika herufi tatu kabla kitufe hakijawafaa, maana zote zaanza kwa ku. Vivyo hivyo kwa majina ya ngeli ya ki na vi, au ya m na wa. Kwa amri za Kiswahili, basi, shina la kitenzi katika hali ya kuamuru lafaa kuliko kitenzi-jina, na orodha ya majina ingepangwa kwa kutazama herufi zake za kwanza mbili au tatu zisigongane. Watunga istilahi wa fani nyingine hawana sharti la namna hii. Katika fani hii jina lina kazi ya pili, ya kutambulika likiwa bado halijaisha.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya wachache. Kwa mtu aliyekulia katika Kiingereza majina ya amri ni vifupisho vya maneno anayoyajua. Husahau moja akalikisia. Kijana wa Tabora au wa Lamu aliyeyakariri kama sauti tupu hana pa kukisia, na kitufe kile ndicho kumbukumbu yake. Akitaka kuiongezea kumbukumbu hiyo amri alizozitunga mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, ataufungua mwongozo, na ukurasa atakaokutana nao ni huu tulioueleza. Kamati itakayoshughulikia istilahi za mifumo ya kompyuta tungeiomba iyatazame majina haya manne, ukamilishaji, pendekezo, kanuni ya ukamilishaji na kikamilishi, pamoja na kipande, kwa mkupuo mmoja na si moja moja, na iyajaribu kwa kuisomea hadhara aya mbili za mwongozo zilizofasiriwa kwayo, ili ionekane kama msikilizaji asiye na karatasi mkononi ataweza kuzifuata.